Siku Kama ya Leo: Namna ya Kuandaa Kumbukumbu za Tarehe Moja katika Historia ya Kongo

Mtu anayepewa kazi ya kuandaa mistari michache ya “siku kama ya leo”, iwe ni kwa redio ya mtaa hapa Lubumbashi, kwa ubao wa matangazo wa shule au kwa kikundi cha WhatsApp cha parokia, hudhani kwamba shida itakuwa kupata matukio. Matukio hayakosi. Nchi iliyomilikiwa na mfalme Leopold wa Pili, ikatawaliwa na Ubelgiji kuanzia 1908, ikapata uhuru 1960, ikagawanyika, ikaitwa Zaire na baadaye ikarudia jina la Kongo, ina la kusema karibu katika kila ukurasa wa kalenda. Shida iko kwenye tarehe yenyewe. Mwaka wa tukio hupatikana haraka na watu hukubaliana juu yake, lakini siku ni uamuzi: kuna mtu aliyechagua kuhesabu tangu jambo lilipotendeka, mwingine tangu lilipotangazwa, na mwingine alifuata siku ambayo serikali iliamua kulikumbuka. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutenganisha siku hizo tatu kabla ya kuandika neno lolote.

Chukua daftari la kurasa nyingi na uupe kila ukurasa tarehe moja, bila kutaja mwaka. Kila tukio unalolikuta liandikie mistari mitatu: lilitendeka lini, lilitangazwa lini, linakumbukwa lini. Mara nyingi mistari yote mitatu itabeba tarehe moja, na hapo kazi imekwisha. Isipolingana, tukio litaingia kwenye kurasa mbili au tatu, kila ukurasa ukieleza kwa nini limo. Kazi ya ukurasa mmoja ianze angalau juma moja kabla ya siku yake, kwa maana tarehe inayotafutwa usiku wa kuamkia matangazo haipati mtu wa kuihakikisha.

Ukurasa wa 17 Januari

Nitachukua 17 Januari kama mfano mkubwa, kwa kuwa ni siku ya mapumziko nchini kote, na kwa kuwa jambo linalokumbukwa lilitendeka nje kidogo ya mji wetu.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alikuwa amekamatwa tangu mwanzoni mwa Desemba 1960 na kufungwa katika kambi ya jeshi huko Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Jumanne ya 17 Januari 1961 alisafirishwa kwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito kutoka Moanda, pwani, hadi Élisabethville, leo Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Ndege ilitua Luano jioni, ikikaribia saa kumi na moja. Wafungwa walipelekwa kwenye nyumba moja isiyo mbali na uwanja wa ndege, wakapigwa na kuteswa, na usiku huo huo, kati ya saa tatu na saa nne, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine porini, katika eneo la Shilatembo, mbele ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga hiyo, baadhi ya mawaziri wake na maofisa wa Kibelgiji.

Hiyo ndiyo siku ya kutendeka. Siku ya kutangazwa ni nyingine kabisa. Kwa karibu mwezi mzima watawala wa Katanga walinyamaza. Kisha tarehe 10 Februari wakasema wafungwa wametoroka, na tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, akatangaza kwamba wameuawa na wanakijiji. Mwandishi anayefungua magazeti ya wakati ule na kunakili tarehe aliyoikuta, akiamini kwamba gazeti la siku zile haliwezi kukosea juu ya mambo ya siku zile, ataweka kifo cha Lumumba Februari, na atakuwa amerudia uongo uliotungwa makusudi. Kwa hiyo karatasi ya zamani haipati sifa kwa uzee wake tu. Uliza ilitoka kwa nani, na huyo alikuwa na sababu gani ya kuipenda tarehe ile.

Tarehe ya 17 Januari inasimama leo juu ya msingi mzuri, kwa kuwa imepita katika uchunguzi wa watu ambao hawakuwa na faida ya kuitaja, ikiwa ni pamoja na tume ya bunge la Ubelgiji iliyotoa ripoti yake mwaka 2001. Siku ya kukumbukwa, hata hivyo, imepata ndugu wengine. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, mabaki pekee yaliyosalia baada ya miili kuyeyushwa kwa tindikali. Jeneza lilizungushwa nchini, likafika pia Shilatembo, na tarehe 30 Juni 2022 likazikwa Kinshasa. Katika daftari, basi, jina la Lumumba liko kwenye 17 Januari, 13 Februari, 20 Juni na 30 Juni, na kila mahali kwa sababu tofauti. Kuandika “siku ya Lumumba” bila kusema ni ipi kati ya hizo ni kumwacha msikilizaji njiani.

Ukurasa huo huo wa 17 Januari una jambo lisilohusiana hata kidogo na siasa. Alhamisi ya 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, uji wa moto ukateremka hadi katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya njia ya ndege, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Rwanda. Goma wakati huo ilikuwa chini ya waasi wa RCD, si chini ya serikali ya Kinshasa. Je, tukio la namna hiyo limo katika historia ya dola? Kwa maoni yangu limo, na hali hiyo ya mji kuwa mikononi mwa waasi itajwe kwa sentensi moja, maana bila hiyo msomaji kijana atajiuliza serikali ilikuwa wapi. Lakini usiyaunganishe matukio hayo mawili kana kwamba siku yenyewe ina laana. Kupatana kwa tarehe hakuna maana zaidi ya kupatana kwa tarehe, na mkosi wa kalenda ni mada ya kilabuni.

Siku moja kabla yake, 16 Januari, kuna fundisho lile lile kwa ufupi. Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi katika jumba lake Kinshasa tarehe 16 Januari 2001. Habari zilikinzana kwa muda, na serikali ilikiri kifo chake tarehe 18. Kalenda ya taifa imeshika tarehe 16.

Usiku, saa na mpaka wa katikati ya nchi

Matukio ya usiku ndiyo yanayoharibu orodha nyingi zilizoko kwenye intaneti. Kongo ina saa mbili: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Jambo lililotendeka Kinshasa dakika ishirini kabla ya saa sita ya usiku lilitendeka hapa kwetu wakati tarehe imeshageuka. Ni jambo dogo mpaka pale linapokukuta.

Mfano wake ulio wazi zaidi ni kifo cha Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Aliondoka Léopoldville, leo Kinshasa, Jumapili ya 17 Septemba 1961 kwenda Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, kukutana na Tshombe kwa ajili ya kusimamisha mapigano ya Katanga. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola dakika chache baada ya saa sita ya usiku kwa saa ya huko, ambayo ndiyo saa yetu. Kwa hiyo huko Ndola na hapa Élisabethville ilikuwa tayari tarehe 18, ilhali Léopoldville alikotoka bado ilikuwa tarehe 17. Kanuni ya kufuata ni kutumia saa ya mahali tukio lilipotendeka, yaani 18 Septemba, na kuandika “usiku wa kuamkia 18” ili anayelikumbuka kwa tarehe 17 asidhani amedanganywa. Ajali hiyo haikutokea ndani ya Kongo, lakini safari yenyewe ilikuwa ya mambo ya Kongo, na inastahili ukurasa wake.

Kuhusu mapinduzi ya Mobutu, makamanda wa jeshi walikutana Léopoldville usiku wa 24 Novemba 1965, na watu wengi walisikia habari redioni asubuhi ya tarehe 25. Serikali ya Zaire ilisherehekea 24 Novemba miaka yote. Tarehe hiyo hiyo, mwaka mmoja kabla, yaani 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremshwa Stanleyville, leo Kisangani. Wanaokumbuka vita vya waasi wa Simba huchanganya miaka hiyo miwili kwa wepisi, kwa hiyo ikague mara mbili.

Mambo ya bweni za chuo kikuu cha Lubumbashi nayo ni ya usiku: wanafunzi walishambuliwa usiku wa kuamkia Jumamosi ya 12 Mei 1990, majuma machache tu baada ya Mobutu kutangaza, tarehe 24 Aprili, mwisho wa utawala wa chama kimoja. Wengine huandika 11 Mei, wengine 12, na wote wana haki. Andika usiku wenyewe.

Hapa pana mtego wa lugha yetu ya kila siku. Ukiandika kwa kutegemea karatasi za Kifaransa, saa 21 ni saa tatu usiku, na saa 5 ni saa kumi na moja alfajiri. Mwandishi mwenye haraka huacha 5 ikabaki saa tano, na tukio la alfajiri likahamia karibu na mchana. Geuza saa zote siku ile ile unayozinakili, na uandike daima kama ni alfajiri, asubuhi, jioni au usiku.

Majina ya mahali

Taja mahali kwa jina la wakati wa tukio, kisha jina la leo mara moja tu: Élisabethville, leo Lubumbashi; Jadotville, leo Likasi; Albertville, leo Kalemie. Miji mikubwa ilibadilishiwa majina 1966, na nchi ikawa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971, kwa hiyo “Zaire ilipata uhuru 1960” ni sentensi ya kufutwa. Jina la Katanga lenyewe lina mitego yake: jimbo liliitwa Shaba wakati wa Zaire, likarudia Katanga 1997, na tangu 2015 limegawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Tukio la Kolwezi la Mei 1978, waasi walipoingia mjini tarehe 13 na wanajeshi wa Ufaransa wakateremka kwa miavuli tarehe 19, lilitokea Shaba. Leo ni Lualaba.

Mambo yanayouma hadi leo

Ukurasa mgumu kuliko yote, kwa mwandishi wa Lubumbashi, ni wa 11 Julai. Jumatatu ya 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni dola huru. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi. Ilidumu miaka miwili na nusu, mpaka katikati ya Januari 1963 alipokubali kwamba kujitenga kumekwisha. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia Kolwezi, ngome yake ya mwisho, tarehe 21 mwezi huo. Katika komini moja ya mji huu utamkuta mzee aliyewahi kuvaa sare ya jandarma, yaani askari, wa Katanga, na nyumba ya pili utamkuta mtu ambaye jamaa zake walikimbizwa na hao jandarma. Wote wawili watasoma mistari yako.

Kwa hiyo maneno yapimwe. “Katanga iliyojitangaza dola huru” ni kauli ya kweli kwa kila upande. “Dola la Katanga” bila maelezo yoyote inaonekana kama kuitambua baada ya miaka sitini, na “uasi wa Katanga” inaonekana kama hukumu ya Kinshasa. Sema nani alitangaza, kwa nguvu ya nani (hapa maofisa wa Kibelgiji na fedha za kampuni ya migodi ya Union Minière hazikwepeki), na jambo lilikwishaje. Sifa na laana ziache nje. Tshombe mwenyewe alifariki kizuizini Algeria tarehe 29 Juni 1969, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru. Ukurasa huo una haki ya kuwepo hata kwa wasiompenda.

Hesabu za waliokufa nazo zahitaji uangalifu mkubwa. Jumanne ya 9 Desemba 1941, wakati wa mgomo wa wafanyakazi weusi wa Union Minière waliodai nyongeza ya mshahara, umati ulikusanyika uwanjani Élisabethville na askari wakaufyatulia risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wa wafanyakazi, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Idadi iliyotolewa na wakoloni na idadi inayosimuliwa mijini hazikaribiani. Vivyo hivyo kwa chuo kikuu 1990: serikali ilikiri kifo kimoja, wengine wakataja makumi na hata mamia. Katika hali kama hizo usichague namba inayokupendeza, wala usichukue ya katikati kana kwamba ukweli hukaa katikati. Andika kwamba watu waliuawa, taja jina lililothibitika, na useme kwamba hesabu zinagombaniwa. Kwa tukio la 1941, ambalo watoto wengi wa shule za hapa hawalijui kabisa, ningetoa nafasi kubwa kuliko ninayoipa mikutano yote ya marais iliyoangukia tarehe hiyo.

Kuuliza wazee

Simulizi za wazee ni hazina, ila tarehe siyo kitu wanachokihifadhi. Wanachohifadhi ni mvua, siku ya posho, darasa alilokuwamo mtoto, nyumba waliyokuwa wakikaa. Uliza kwa njia hiyo: “Papa, siku ile mlikuwa mnakaa wapi? Ilikuwa siku ya kazi ama ya misa? Mvua ilikuwa inanyesha?” Kisha majibu yapimwe kwa kalenda. Julai huku kwetu ni kiangazi chenye baridi. Mtu anayesimulia tangazo la kujitenga kwa Katanga chini ya mvua kubwa huenda anasimulia jambo la Januari. Na anayesema kwamba siku aliyouawa Lumumba ilikuwa Jumapili, wakati 17 Januari 1961 ilikuwa Jumanne, hana kosa la kuaibishwa. Pengine Jumapili ndiyo siku alipopata habari, na hilo nalo ni la kuandikwa kando, kwa idhini yake na bila kutaja jina lake asipotaka.

Kupata jina la siku ya juma kwa tarehe yoyote ya zamani ni kazi ya dakika moja kwenye simu, na hukamata makosa mengi kuliko kitabu kikubwa. Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970, waliochora historia ya nchi kwenye magunia ya unga na kuandika miaka chini ya picha, nao wanasaidia kuelewa watu walikumbuka nini. Kwa siku kamili, tafuta penginepo.

Kwa sheria na maamuzi ya serikali, penginepo hapo ni gazeti rasmi: Journal officiel ya sasa na Moniteur congolais ya zamani. Humo angalia tarehe ya kutiwa sahihi na tarehe ya kuanza kutumika, maana hutofautiana. Mali ya Union Minière nchini ilichukuliwa na dola kuanzia 1 Januari 1967, ingawa uamuzi ulitangazwa Desemba 1966. Siku inayoingia kwenye ukurasa ni ile ya kuanza kutumika, isipokuwa kama unaeleza tangazo lenyewe.

Kuandika na kusoma

Tukio moja lipate maneno sitini hadi themanini. Matukio mawili kwa siku yanatosha, matatu ni mwisho. Anza na tarehe, mwaka na siku ya juma. Taja watu kwa majina kamili na cheo chao cha wakati ule. Sema kilichotendeka kwa kitenzi kimoja kisichokwepa, “aliuawa” na si “alipoteza maisha”. Malizia kwa jambo moja lililofuata. Ukurasa wetu wa mfano utasomeka hivi:

“17 Januari 1961, Jumanne. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliletwa Élisabethville, leo Lubumbashi, wakiwa wafungwa. Usiku huo huo waliuawa kwa risasi nje ya mji, mbele ya viongozi wa Katanga iliyojitenga na maofisa wa Kibelgiji. Tarehe 13 Februari Katanga ilidai kwamba waliuawa na wanakijiji baada ya kutoroka. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba dai hilo ni uongo.”

Isome kwa sauti kabla ya kuituma. Sentensi inayokukata pumzi itamkata pia msomaji wa redio, naye hatakuwa na nafasi ya kurudia. Mpe pia mtu mmoja wa upande usio wako aipitie; kwa 11 Julai, wape wawili.

Marekebisho yakija, nayo yatakuja, hasa juu ya matukio ya usiku, omba anayerekebisha akuambie ameyatoa wapi, yakague kwa njia ile ile, na yakithibitika yatangaze kesho yake saa ile ile na mahali pale pale kosa liliposomwa. Kisha fungua daftari, piga mstari mmoja juu ya tarehe ya zamani bila kuifuta, andika mpya pembeni pamoja na mahali ilipotoka, ili atakayelipokea daftari mwaka ujao aone vyote viwili.